Ulimi Wenye Muhuri

Binti yake alikuwa bado anapiga kelele mlangoni, "Baba, hata chai hujaimaliza!", na Mzee Ngwali alikuwa ameshalipita bomba la maji, ameshaipita nyumba ya fundi cherehani, anakwenda. Hakugeuka. Angegeuka angeitwa ndani, angekalishwa kwenye kiti cha plastiki na kuulizwa kwa mara nyingine anatafuta nini huko duniani. Na ile chai aliiacha kwa sababu kwake haikuwa chai. Tangu ilipompata homa iliyomlaza mpaka majirani wakaanza kunong'ona habari za sanda, kila alichotia mdomoni kilikuwa kitu kimoja. Sukari mchanga, chumvi mchanga, pilipili mchanga wa moto. Hakumwambia mtu. Mzee akianza kutaja viungo vilivyomgomea, watoto humfichia viatu.

Njia aliyopita haina haja ya kusimuliwa. Yeye mwenyewe akiulizwa husema alipanda, akashuka, akapanda tena, soli zikaisha. La maana ni kwamba alifika mahali ambapo juu ya vilima palitundikwa mablanketi mazito, kilima hadi kilima, kama mtu aliyeanika matandiko ya jeshi zima. Mlinzi akamtokea.

"Maziwa gani?"

Ngwali alidhani anauziwa. "Sitaki maziwa, baba. Maji yakipatikana nitashukuru."

"Nakusalimu, mzee. Maziwa gani?"

Ndivyo wanavyosalimiana katika nchi ile ya Mtindini. Hawaulizani habari za nyumbani wala za usiku. Unataja maziwa ya bondeni kwenu, na mwenzio akishajua wewe ni wa ng'ombe, wa mbuzi, wa kondoo au wa ngamia, anajua pia akukalishe wapi na acheke nawe kiasi gani. Ngwali, ambaye shule aliisoma kwa vipande, darasa moja mji huu na darasa jingine mji ule, akajibu lililomjia.

"Ya mama."

Mlinzi akamwita mwenzake. Mwenzake akamtazama mgeni kuanzia utosini hadi kwenye vidole vilivyochungulia kiatuni.

"Hilo bonde hatuna," akasema. Kisha uso ukamchangamka. "Mpeleke kwa Mheshimiwa. Huyu anafaa."

Anafaa nini, hawakusema. Walimpa maji, wakamshika mkono kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyoanza kumtia wasiwasi.

Mheshimiwa Kidau, Mkuu wa Ladha, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliyekaa katika jumba lisilo na madirisha. Madirisha, alieleza, huingiza harufu, na harufu ina bonde lake. Ndiyo maana hata mipakani wametundika mablanketi, ili pumzi ya kondoo isivuke ikaingia kwenye jibini ya mbuzi. Jibini ndiyo nchi, alisema. Bonde la Ng'ombe wanatengeneza jibini ya njano, kubwa kama gurudumu la mkokoteni. Bonde la Mbuzi, nyeupe na ndogo, iliyopakwa majivu. Bonde la Kondoo, ngumu, yenye alama za kikapu mgongoni. Bonde la Ngamia, laini, ambayo ukiibonyeza inabonyea. Kila bonde hula ya kwake, na mtu akikutwa na ya bonde jingine mdomoni hutapishwa hadharani.

"Na sisi wa Baraza, tunaoyatawala mabonde yote, hatuli jibini kabisa," Kidau akasema kwa fahari. "Anayeijua jibini ana upande. Ndiyo maana mwonjaji wetu lazima awe mgeni asiye na maziwa yoyote. Tumekusubiri muda mrefu, mzee wetu."

"Mimi?"

"Wewe."

Akaingia Daktari Sombi, Mpima Ndimi, mwembamba, mikono inanuka sabuni. Akamwambia Ngwali atoe ulimi. Akaupima urefu kwa rula, akaupima upana, akautazama kwa kioo, akawaita mashahidi wautazame nao. Hakuweka kitu juu yake. Kuuwekea ulimi kitu cha kuonja kabla ya kazi, alisema, ni kuupendelea.

"Daktari," Ngwali akajaribu, "huu ulimi una tatizo. Tangu nilipo..."

"Usiseme, mzee. Ulimi unaopimwa haujitetei."

Akauchovya muhuri katika wino wa samawati, akaugonga kwenye ncha ya ulimi. Mashahidi wakapiga makofi. Baada ya hapo akaletewa wali, kitanda na viatu vipya, na Ngwali, ambaye alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa, akajiambia kwamba haya ni maonyesho tu ya wakulima, ataonja, atasifu, atakwenda zake.

Kidau akamweleza kazi Ngwali alipokuwa ameshavaa viatu.

Kila unapofanyika Mkutano wa Kuonja, jibini ya kila bonde huwekwa mbele ya mgeni. Mgeni hutaja ile yenye maziwa ya kigeni ndani yake. Bonde lililotajwa hufutwa. Watu wake hugawanywa katika mabonde yaliyobaki, mume huku, mke kule, watoto kokote, wasije wakakusanyika tena wakaendeleza uchafu wao. Huko waendako huitwa Wasio na Bonde. Hawagusi maziwa wala jibini. Hunywa yale maji yanayobaki maziwa yakishaganda, na kuyabeba kwenye ndoo, na kuosha mapango ya kuhifadhia jibini.

"Mabonde yalikuwa tisa," Kidau alisema. "Sasa tunayo manne, safi kuliko wakati wowote."

"Na kama zote zitakuwa nzuri?"

"Jibini zote zikiwa safi, mzee wangu, tutajuaje kwamba tulikuwa tunatafuta?" Akacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali la mtoto. "Lazima utaje. Mwonjaji asiyetaja ulimi wake ni wa uongo. Atabaki nasi maisha yake yote, naye atapewa ndoo."

Ngwali hakumwogopa simba wala askari wa mpakani, lakini aliposikia lile neno kubaki aliutafuta mlango kwa macho.

Zamu ya kumlaza mwonjaji ilikuwa ya Bonde la Ngamia. Wakampeleka nyumbani kwa mwanamke aitwaye Sikitu, fundi wa jibini, aliyeishi na mama yake, mtoto wa kike anayejifunza kutembea, na mumewe Rehani. Rehani alikuwa Asiye na Bonde. Alikuwa amezaliwa Bonde la Punda, ambalo sasa halipo hata kwenye ramani. Lilipofutwa, meno yake ya utotoni yalikuwa hayajang'oka. Mama yake alipelekwa Kondoo, yeye akaletwa Ngamia. Alikuwa mtu wa mizaha, na mizaha yake yote ilihusu ndoo.

"Shikamoo babu. Karibu maji ya jibini. Ukiyanywa miaka mitano unaanza kuyapenda."

"Marahaba. Wewe umeyanywa mingapi?"

"Ishirini na kitu. Sijaanza bado."

"Rehani, mwache mgeni," Sikitu akasema, lakini hakucheka. Alikuwa akimtazama Ngwali mdomoni, mahali penye ule wino, na kila alipomtazama alimvuta mtoto karibu na kanga yake.

Watu wa bonde lile walikuja kumsalimu mmoja mmoja. Walikuwa wema mno. Mzee mmoja alimpa fimbo. Wengine walisimama tu mlangoni wakatabasamu hadi mashavu yakachoka. Kutoka Bonde la Mbuzi likaja blanketi zuri, na aliyelileta akasema si rushwa, ni baridi. Kutoka Bonde la Kondoo hakikuja kitu ila mtu mrefu aliyesimama barabarani mchana kutwa, anamtazama.

Asubuhi ya siku ya mkutano Sikitu alimpeleka Ngwali kwenye pango la jibini. Ubaridi wa mle ulikuwa wa kaburi. Jibini zilipangwa juu ya majani makavu, na Sikitu akawa anazigeuza mojamoja, anazifuta ukungu kwa kitambaa cha maji ya chumvi, huku anazungumza bila kumtazama.

"Babu, wewe ni mtu mzima. Nikikwambia kitu utakifanya nini?"

"Itategemea ni kitu gani, mwanangu."

"Maziwa ya ngamia hayagandi." Akageuza jibini nyingine. "Yatie dawa ya tumbo la ndama, yakoroge, yasubiri, yanabaki maji. Hayajawahi kuganda peke yake tangu Mungu amuumbe ngamia. Unatia kata moja ya maziwa ya kondoo katika sufuria zima. Hapo ndipo yanaposhikana. Mama alinifundisha, yeye alifundishwa na bibi. Bonde zima linajua. Watoto hatuwaambii mpaka wawe na akili ya kunyamaza."

"Na hiyo kata ya kondoo mnaipata wapi?"

"Kuna matundu kwenye yale mablanketi. Huko Kondoo nako wana shida zao, nao wanahitaji chumvi yetu." Sasa akamtazama. "Ulimi wako utaijua. Wanasema ni ulimi mzuri, daktari amesema hajawahi kuona ulimi kama huo. Sikuombi useme uongo. Nakuomba tu, mwanangu ananyonya bado. Wakinipeleka Mbuzi na yeye wakampeleka Ng'ombe, atanyonya nini? Na Rehani wameshamgawa mara moja."

Ngwali alifungua mdomo amwambie. Ulimi umekufa, mama, nisingeijua hata ungetia mafuta ya taa. Lakini walinzi wa Baraza walikuwa wameshafika mlangoni mwa pango kumchukua, na mwonjaji asiyeonja adhabu yake aliijua. Akafunga mdomo. Akasema, "Nitaona." Neno lile lilimuuma mwenyewe tangu lilipomtoka. Sasa alikuwa ameshaambiwa. Ulimi haukujua kitu, ila masikio yalijua kila kitu.

Uwanja wa mkutano ulikuwa katikati ya mabonde yote, na kila bonde lilikaa upande wake, limetenganishwa na mablanketi. Waliweza kusikiana lakini si kuonana. Kabla ya kuonja palikuwa na mjadala, kwa sababu sheria ilitaka mjadala. Mjumbe wa Mbuzi alilalamika kwamba upepo wa kaskazi hupita kwa Kondoo kabla ya kufika kwao, na akataka upepo ule uandikishwe kuwa wa Kondoo, ili madhara yake yahesabiwe kwao.

"Upepo wenyewe mnaununua wapi ninyi?" mama mmoja wa Kondoo akapaza sauti nyuma ya blanketi. "Mbuzi wenu wananuka mpaka mvua inakataa kunyesha!"

"Mama, nyamaza, utaandikwa."

"Niandikwe! Nishaolewa mara tatu, kuandikwa kutanitisha?"

Watu wakacheka pande zote nne kwa pamoja, kisha wakakumbuka, wakanyamaza. Mjumbe wa Ng'ombe akauliza kama tundu lililo ndani ya jibini ni jibini, na kama nzi akiingia tunduni ameingia katika bonde gani. Hilo lilichukua muda. Kidau alilisikiliza lote akitikisa kichwa, kama jambo zito, na Ngwali akasubiri mezani ndani ya shati la heshima walilomvika.

Akaletewa kisahani. Vipande vinne.

Kwanza ya Ng'ombe. Ilikuwa ngumu kidogo, ikateleza kwenye meno kama sabuni. Hakuna kitu. Ya Mbuzi ikavunjika ikawa unga, akahisi chembe za majivu, basi. Ya Kondoo aliitafuna mpaka taya likamuuma. Ya Ngamia ikayeyuka yenyewe, laini, baridi. Aliishikilia mdomoni muda mrefu kuliko zote. Aliitafuta ile kata moja ya kondoo. Hata ngamia mwenyewe hakumpata.

"Sema, mgeni wetu," Kidau akasema. "Ipi?"

Blanketi la upande wa Ngamia lilikuwa limeinuliwa kidogo pembeni. Alimwona Rehani amesimama na ndoo zake, hafanyi mzaha. Alimwona Sikitu. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala.

Alifikiri kuwataja Ng'ombe. Ni wengi, watavumilia, na hakuwa amelala kwao wala kujua jina la mtu wao hata mmoja. Neno lilifika hadi kwenye meno. Halafu akasikia nyuma ya blanketi la Ng'ombe mtu anakohoa, kikohozi kikavu cha mzee kama yeye, na mwanamke anamwambia, "Vuta shuka, baba." Basi. Kikohozi tu. Lakini neno likarudi ndani.

"Sisikii kitu," Ngwali akasema.

"Katika ipi?"

"Katika zote. Mheshimiwa, ulimi wangu umekufa. Homa iliuua. Chumvi na sukari kwangu ni mchanga mmoja. Nilitaka kumwambia daktari akanikataza. Niwekeeni hiyo ndoo, nitabeba. Lakini sitaji mtu."

Kidau akamgeukia Daktari Sombi. Sombi alikuwa amebadilika rangi.

"Mheshimiwa, ule ulimi niliupima mwenyewe," akasema. "Kwa rula. Mashahidi walikuwepo. Una muhuri."

"Muhuri wa Baraza."

"Wa Baraza, Mheshimiwa."

Wajumbe wa Baraza wakaingia jumbani wakafunga mlango. Wakakaa humo mpaka watoto wakaanza kulia njaa na Ngwali akaanza kujiuliza ndoo ina uzito gani. Walipotoka, Kidau alisoma uamuzi kwa ile sauti yake ya upole.

Baraza, alisema, lilikuwa na mambo mawili mbele yake. Ama muhuri wake umekosea, ama jibini zimekosea. Muhuri haujawahi kukosea. Mwonjaji ametamka waziwazi kwamba hakusikia kitu katika jibini zote nne. Basi hazina kitu. Hayo mengine aliyoyaeleza kuhusu homa ni maneno ya mdomo, na Baraza huusikiliza ulimi. Mabonde yote manne yamefutwa kuanzia sasa. Watu wake wagawanywe katika mabonde yaliyobaki kwa mujibu wa sheria.

Uamuzi ulikuwa mkubwa mno kwa kilio. Walinzi wakaingia kati ya watu na kamba za kuwatenganisha. Mmoja akamshika Sikitu mkono, mwingine akaanza kufungua mbeleko ya mtoto. Sikitu akaishika kwa meno.

Kisha yule mlinzi aliyeshika mbeleko akasimama. Alikuwa kijana mwaminifu, anayependa kujua anachofanya.

"Mheshimiwa," akaita. "Huyu wa kunyonya nimpeleke bonde gani?"

"Katika yaliyobaki."

"Yaliyobaki yapi, Mheshimiwa?"

Kidau akamtazama Sombi. Sombi akatazama chini. Upepo wa kaskazi ukavuma, ukayapeperusha mablanketi, na watu wa mabonde manne wakaonana sura.

"Wasubiri," Kidau akasema hatimaye. "Wasubiri papo hapo walipo, mpaka Baraza litakapopata mabonde."

Mlinzi akaiachia mbeleko.

Bado wanasubiri. Kwa sheria kila mtu wa Mtindini sasa ni Asiye na Bonde na anatakiwa kunywa maji ya jibini, na ili maji yale yapatikane lazima jibini itengenezwe, hivyo jibini ikajaa mapangoni hadi milangoni. Aliyeikata kwanza ni Rehani. Aliila hadharani, nusu ya gurudumu la Ng'ombe, na hakukamatwa kwa sababu waliopaswa kumkamata nao walikuwa na ndoo. Baadaye aliumwa tumbo wiki nzima. Mama yake alitoka Kondoo akaja kwa miguu. Hakumtambua mwanawe, wala mwanawe hakumtambua yeye, lakini wanakaa nyumba moja na wanazoeana.

Sikitu anatia kata ya kondoo mbele ya watu. Siku hizi wako wanaosema kata moja haitoshi. Mtoto ameacha kunyonya.

Daktari Sombi anapima pua. Mheshimiwa Kidau anaongoza kamati inayochunguza kama maziwa yanakorogwa kwenda kulia au kushoto, na tayari wakorogaji wa kulia wamehamia ng'ambo ya mto. Mablanketi yaliyoshushwa vilimani yamehifadhiwa vizuri, yamekunjwa.

Mzee Ngwali aliruhusiwa kuondoka, kwa kuwa ulimi wake haukukosea. Wino ulikaa kwenye ncha yake muda mrefu. Alipofika kwa binti yake alitoa mfukoni kipande cha jibini ya Ngamia, na binti alipokionja akauliza kina nini ndani. Ngwali akasema hajui. Alikalishwa kwenye kiti cha plastiki, akapewa chai, akaimaliza yote. Wiki iliyofuata kiti kilikuwa kitupu, na vile viatu vipya havikuwepo mlangoni.